Legeza, Kisha Vuta

Limehama. Nasema limehama, na ukinitazama hivyo kama mtu aliyepigwa na jua nitasema tena. Fundo limetoka kwenye uzi huu, likaenda kukaa kwenye uzi ule, na hakuna aliyelisukuma. Mkono ulilegea tu, likapata njia. Ngoja nianzie panapofaa, maana nikiachiwa nitaanzia mwisho, na mwisho wenyewe bado haujafungwa.

Mji ninaokaa hauna jina, na saa zake hazijui foleni. Mtu huingia jikoni na umri wa mama yake, akatoka mtoto mdogo, sufuria imemshinda kubeba. Hayo tumeyazoea. Hata maamkizi yetu yamekaa kimchezo: unampa mtu shikamoo kwa heshima zote, na kabla hajaitikia ndevu zimeshamtoka kidevuni, wewe mgongo umekupinda, basi unajikuta unaiitikia marahaba shikamoo yako mwenyewe. Tunacheka, tunapita. Umri hapa ni nguo tu, ukivuliwa hii unavishwa ile.

Kinachotutisha ni Mteremko. Katikati ya mji kuna mnara, na ubavuni mwa mnara linaning'inia jiwe kwa kamba, linashuka taratibu mbele ya macho ya kila mtu. Likigusa ardhi kengele inalia, mji unainama upande mmoja kama sinia lililobebwa na mtu aliyechoka, na siku yako inateleza ikaondoka chini ya miguu yako. Ukija kusimama sawasawa uko katika siku nyingine. Pengine u mtu mwingine kabisa, mwenye mume usiyemjua na mazoea ya kunywa chai bila sukari. Na yule uliyempenda anakupita njiani, anakuuliza kwa adabu kisima kiko wapi.

Dawa ni moja tu, nayo ni lesi. Si ile ya kiwandani ya kushonea mapazia, hapana. Nasema lesi ya mafundo, inayofumwa kwa uzi na vidole. Kila nyumba ina yake, imetundikwa mlangoni, na kila mtu wa nyumba ana pete yake humo ndani, pete ndogo ya uzi iliyoungwa na pete ya mwenzake. Walioungwa huteremka pamoja. Wakiangukia utoto, wote watoto. Wakiangukia uzee, wote wanatafuta mkongojo mmoja. Ilimradi hawapotezani.

Sasa, pete huungwa kwa kitanzi. Kitanzi ni kile kijiuzi kinachoachwa kimetuna ukingoni mwa pete, hakijakazwa, kimesimama tu hewani kama sikio. Pete ya pili hupitishwa hapo, ikashikana na ya kwanza. Kwa mtu asiyejua, kitanzi ni pambo. Na wanaotutawala ni watu wasiojua, au wanajua sana, hilo sijalipatia jibu. Tunawaita Wakazaji. Tangazo lao limebandikwa kila kona: uzi usio na kazi ni uzi ulioibwa. Lesi zote ziwe bapa. Wakapita wakaguzi na mikasi midogo, mlango kwa mlango, wakikata vitanzi, na sisi tukawashikia ngazi. Tuliwakaribisha na maji ya kunywa. Nyumba zikawa nadhifu, na watu wakaanza kuteremka mmoja mmoja.

Kwetu alitangulia mama. Kitanzi chake kilikatwa, kengele ikalia, na mahali alipokuwa amesimama ikabaki harufu ya karafuu. Tukabaki mimi na mdogo wangu Zena, tumeungwa kwa kitanzi kimoja nilichokificha nyuma ya pindo. Mkaguzi mwenye macho makali akakiona, akakikata. Mteremko uliofuata, Zena aliamkia nyumba ya ng'ambo ya njia. Sauti ni ile ile, mwendo ni ule ule wa kutanguliza bega. Nikamwita jina lake, naye akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

"Karibu, jirani," akaniambia.

Jirani. Mtu niliyemfundisha kuvaa viatu. Sikulia, nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonipa miguu. Jiwe la mnara lilikuwa limeshafika usawa wa madirisha ya chini. Likigusa ardhi safari hii, Zena hatabaki hata ng'ambo ya njia. Atakwenda kwenye siku nisiyoijua, nami nitakwenda kwangu, na hakuna atakayekumbuka kwamba kuna mtu wa kutafutwa. Ikabidi nijifunze kufuma kabla jiwe halijafika chini. Mimi, Mishi, niliyekuwa nikichanganya hata kamba za viatu.

*

Bi Sihaba anakaa nyuma ya mnara, karibu kabisa na jiwe, mahali ambapo watu wenye akili hawapangi nyumba. Inasemekana hajawahi kumaliza lesi hata moja katika maisha yake yote, ya nyuma na ya mbele. Anafundisha mazoezi tu. Nilimkuta kibarazani akiwa mzee wa kukunjamana, nikampa shikamoo yangu. Akaipokea akiwa msichana wa makamo yangu, akakaa vizuri akaniangalia miguu.

"Umekuja mbio," akasema. "Wanaokuja mbio wanataka fundo moja tu, lile la mwisho."

"Nataka kuungwa na mdogo wangu, Bi Sihaba. Nifundishe kuunga tu. Maua na madoido sina haja nayo, nakuomba. Jiwe unaliona mwenyewe."

"Naliona tangu hujazaliwa. Kaa."

Akanipa kokwa. Ndivyo wanavyokiita kile kifaa, maana kimechongoka ncha mbili kama kokwa ya tende, cha mfupa, na uzi umezungushwa tumboni mwake. Kisha akaniwekea mapajani kipande cha kitambaa chenye ua lililochorwa kwa mkaa: petali nne, ukingoni vitanzi, katikati ushanga. Ua dogo la kutosha kufunika kikombe cha kahawa.

"Hili ni zoezi," akasema. "Ukilijua hili umejua yote, na usipolijua hujui hata kuunga. Wala usininunie. Zungusha uzi mkono wa kushoto."

Nikazungusha. Ubane uzi kwa kidole gumba na cha shahada, uupitishe nyuma ya vidole vingine vilivyotanuliwa, uurudishe ulipoanzia; umepata duara la uzi lililovaa mkono wako. Mkono wa kulia ushike kokwa, uipitishe chini ya lile duara na kuirudisha juu. Hapo panatokea fundo. Nusu fundo, tuseme, kwa kuwa kila fundo lina nusu mbili, ya kwenda na ya kurudi. Nikaona ni rahisi mno. Nikavuta, nikakaza, nikafanya la pili, la tatu, nikajaza mstari mzima kwa fahari. Nikafikiri, kumbe nina kipaji.

"Haya, funga pete," akasema Bi Sihaba.

Nikavuta uzi wa kokwa ili duara lijikunje liwe pete. Halikujikunja. Nikavuta zaidi, likakatalia pale pale kama punda. Bi Sihaba alikuwa amegeuka mtoto wa miaka ya kung'oka meno, na akacheka kwa mapengo yake hayo mpaka akashika mbavu.

"Mnaharibu hapo hapo nyote," akasema kwa sauti nyembamba. "Hakuna mtu wa mji huu aliyekuja hapa asiharibu hapo. Mkono wako wa kushoto unafanya nini?"

"Unakaza."

"Nani kakwambia ukaze?"

Swali gani hilo. Nani hajaniambia? Mtoto wa mji huu akizaliwa anaambiwa kaza. Maamkizi rasmi ni "Kaza," na jibu lake "Nimekaza." Shuleni tulikaza, mikandani tulikaza, msibani tulikaza nyuso. Sijawahi kuwa na mkono ambao haukukazwa.

"Sikiliza," akasema Bi Sihaba, sasa amerudi utu uzima, sauti imetulia. "Ulipopitisha kokwa, uzi wa kokwa ndio uliojiviringisha juu ya uzi wa duara. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Basi kokwa ndiyo iliyofunga. Sasa usikaze. Legeza mkono wa kushoto, vidole vilale, duara lipwaye. Kisha vuta uzi wa kokwa unyooke kama kamba ya kuanikia nguo. Uangalie."

Nikalegeza. Wallahi ilikuwa kazi nzito kuliko kubeba mtungi; vidole havijui kulala, vinaruka vyenyewe. Nikavilazimisha. Nikavuta uzi wa kokwa taratibu ukanyooka. Na hapo nikaliona.

Fundo lilihama. Uzi uliokuwa umeviringisha ukanyooka, na ule ulionyooka ukaviringisha. Kwa sekunde ya kupepesa jicho zikabadilishana kazi mbele yangu, bila kelele, bila kukatana. Nikapiga ukelele, kuku wa jirani wakatawanyika. Nikalifanya tena. Likahama tena. Nikavuta uzi wa kokwa na mafundo yote yakateleza juu yake kama shanga za tasbihi, duara likajikunja, likajikunja, likawa pete. Pete kweli, ndogo, imara, imekaa kwenye ncha ya kidole changu. Nilikuwa nacheka na pua inachuruzika.

*

Niache hapa kidogo niwaze, maana kuna jambo limenishika shati.

Mimi siku zote nilijua nani anafunga. Anayefunga ni mwenye kokwa, mwenye mwendo, anayepita juu na chini. Anayefungwa ni yule aliyetulia. Wakazaji wanafunga, sisi tumefungwa, na akili zetu zote zimeishia kwenye swali la lini kokwa itatufikia mikononi na sisi tukaze wengine. Hata mapenzi nilikuwa nayaelewa hivyo. Zena alikuwa wangu kwa sababu nilimshika. Nilikuwa dada mkubwa, mimi ndiye niliyemviringisha. Sasa huu uzi mjinga wa pamba unaniambia kwamba aliyefunga asipokubali kunyooka akafungwa yeye, pete haifungiki. Inagoma. Unaweza kuwa na nguvu za ng'ombe wawili, utakata uzi tu.

Basi mimi ni uzi upi? Ule unaopita ndani, usioonekana, uliobeba mafundo yote? Au ule wa nje, wenye sura, wenye vitanzi, unaosifiwa? Mbona kila nikiangalia naona zimebadilishana?

Na mji mzima umekaa pale kwenye nusu fundo lisilohama. Tumevutana mpaka tumekwama. Ndiyo maana hatuungiki.

Nilipotazama mikono yangu wakati nawaza hayo, ilikuwa mikono ya mtoto, ina wino. Nilipofika mwisho wa wazo ilikuwa ya bibi kizee, ina mishipa. Fundo lilikuwa lile lile. Hilo nalo lilinifurahisha sana, kwamba kitu nilichokianza utotoni nimekimaliza uzeeni na hakijapinda.

*

"Kitanzi," akasema Bi Sihaba. "Usilewe kwa pete moja."

Kitanzi chenyewe, jamani, kumbe ni kutofanya kitu. Unafunga fundo, kisha la pili unalifunga mbali kidogo na mwenzake, unaacha pengo la uzi mtupu. Halafu unayasogeza mafundo mawili yakutane, na ule uzi wa katikati ukikosa pa kwenda unatuna juu, unasimama. Ukiacha pengo kubwa kinasimama kirefu, ukiacha dogo kinakuwa kifupi. Akanionyesha kuvipanga vianze vifupi, virefuke katikati ya petali, vifupike tena, mpaka petali ikawa inapumua. Akanionyesha kisokoto, ambacho ni nusu fundo ile ile ya kwenda inarudiwa bila ya kurudi, mpaka mstari wenyewe unaamua kujipinda kama mkia wa kinyonga. Akanionyesha kutega ushanga ukae katikati ya ua pasipo kuonekana umeshikwa na nini. Kila kimoja nilikidaka kwa pupa. Nilisahau kula. Nikisema nilikuwa na furaha naipunguza; nilikuwa kama mtu aliyefunguliwa chumba cha ziada katika nyumba anayoishi miaka yote.

"Na ukitaka kuifungua pete iliyokwisha kufungwa," akaniambia, "pa kuingilia ni penye kitanzi tu. Hapo mafundo yameachana kidogo, unaingiza pini unauvuta uzi wa ndani. Pete isiyo na kitanzi haifunguki tena. Utaikata."

Lesi zote za mji huu zilikuwa hazina kitanzi hata kimoja.

Kivuli kikaanguka juu ya kitambaa. Alikuwa mkaguzi, mwanamume mrefu mwenye sare ya kijivu, mkasi unaning'inia shingoni kwa utepe.

"Kaza," akasema.

"Nimekaza, baba," akajibu Bi Sihaba, uso mkavu.

Mkaguzi akainama akachukua ua langu. Petali tatu zilikuwa tayari, zimeungana, zimejaa vitanzi pande zote. Nikaona vidole vyake vinaingia kwenye mkasi. Nikaushika ukingo wa baraza.

"Hiki nini?"

"Zoezi," akasema Bi Sihaba.

"Kimekwisha?"

"Kingekwisha kingekuwa zoezi tena? Sheria yenu inasema lesi iliyokwisha ndiyo inayokaguliwa. Huyu anajifunza. Petali ya nne hata haijaanza."

Mkaguzi akafikiri. Ni kweli sheria inasema hivyo; wakati wanaiandika hakuna aliyedhani kwamba mtu anaweza kukaa na kitu kisichokwisha. Hakurudisha ua upesi. Alipitisha ncha ya kidole juu ya vitanzi, kimoja baada ya kingine, polepole, vikainama na kuinuka.

"Binti," akaniambia kwa sauti nyingine kabisa, "mimi na wewe tuliwahi kukaa nyumba moja?"

"Sidhani, baba."

"Aa. Nilidhani tu." Akaniwekea ua kiganjani akaenda zake, na mkasi ukimgonga kifuani kila hatua.

Bi Sihaba akanigeuza uso kuelekea mnarani. Jiwe lilikuwa limebakiza kimo cha mbuzi kufika ardhini.

"Petali ya nne kaifumie huko," akasema. "Na Mishi. Usimfunge."

*

Nilimkuta Zena barazani kwake, ungo mapajani, anachagua mchele. Alikuwa mkubwa kuliko mimi wakati huo, na kwa mazoea mkono wake ulipenda kutupa chuya nyuma ya bega, kama mama alivyokuwa akifanya akatugombeza sisi tukiiga.

"Karibu, jirani. Mbona unahema?"

"Zena, nipe mkono wako."

"Mie siye Zena, mwenzangu. Nilishakwambia."

"Basi wewe usiye Zena, nipe mkono. Nina zoezi, linataka mkono wa pili."

Akacheka, akajipangusa, akanipa wa kushoto. Nikauvisha duara la uzi, nikabana kwa kidole chake gumba na cha shahada. Nikapitisha kokwa chini, nikairudisha juu, nikamwambia alegeze. Vidole vyake vikasimama wima kama vijiti vya mahema.

"Legeza, Zena."

"Mji mzima unaniambia kaza, wewe unakuja na lako."

Nikavuta. Fundo likajikaza mahali pabaya. Nikalichokonoa kwa pini likatoka, nikapitisha tena, nikavuta tena, kwa nguvu zaidi, maana pembeni mwa jicho naliona jiwe. Likakwama tena. Uzi ukamkata kidoleni, akavuta pumzi kwa meno.

"Unaniumiza," akasema. Na alisema kama mtu anayemwambia mtu baki.

Nilitamani kumkamata mabega nimtikise. Nilitamani kumzungushia uzi wote wa kokwa mwili mzima nimfunge kwenye nguzo ya baraza, kengele ilie itakavyo. Na nilipojisikia natamani hivyo nikaufahamu uzi wangu. Nilikuwa nimekuja na kokwa mkononi kumfundisha mwenzangu kulegea, na mimi mwenyewe nimekaza kuanzia meno mpaka vidole vya miguu. Wakazaji hawakuhitaji kunitumia mkaguzi. Nilikuwa naye ndani.

Nikalivua duara mkononi mwake. Nikajivisha mimi. Kokwa nikampa yeye.

"Vuta wewe," nikasema.

"Mie sijui kazi hii."

"Hata mimi sijui. Pitisha chini, rudisha juu. Mimi nitalegeza."

Akaniangalia kwa mashaka, kisha akapitisha. Nusu fundo ikakaa. Nikavilaza vidole vyangu. Safari hii sikuvilazimisha, niliviacha tu, nikaacha na mabega, nikaacha na lile jina nililokuwa nikimsukumizia mdomoni. Nikasema moyoni, kama hunijui basi, niviringishe hivyo hivyo mimi mgeni. Uzi ukapwaya mkononi kwangu.

Zena akavuta, ukanyooka.

Tuliona wote wawili. Yeye akausogeza mkono wangu karibu na macho yake.

"Limehama," akasema.

"Ee."

"Lilikuwa langu, sasa ni lako." Akapitisha nusu ya kurudi bila kuambiwa, ikahama. Akapitisha nyingine. Alikuwa anacheka kwa koo, kile kicheko chake cha kukabwa na wali, na mafundo yakawa yanapangana moja baada ya jingine kwenye uzi, na ungo ukaanza kuteleza mapajani mwake taratibu kuelekea ukingo wa baraza. Sikuona jiwe lilipogusa. Nilisikia kengele tu. Mji ukainama. Mchele ukamwagika wote chini, milango ya mtaa mzima ikajigonga, na huko na huko nikawasikia watu wakianza kuuliza wako wapi.

Sisi tulibaki tumekaa. Siku iliteleza na sisi juu yake. Nilipofumbua macho miguu yangu haikufika chini ya baraza, na magoti yalikuwa na vidonda vya kuanguka. Mbele yangu alikuwa mtoto wa kike mwenye pengo la meno ya mbele, kokwa mkononi.

"Dada," akaniambia, "usitikisike, utaniharibia."

Nilitaka kumkumbatia na sikuweza, mkono mmoja ulikuwa ndani ya uzi. Nikamwekea paji la uso begani nikalia vya kutosha, na yeye akawa anasogeza mafundo kwa ukucha, hana habari na machozi yangu. Ilikuwa baraza ya kwetu. Mlango ulikuwa wazi na jikoni hakukuwa na moto.

"Hapa mama alikuwa anaacha kitanzi kikubwa," akasema.

"Kikubwa kiasi gani?"

Akafikiri, akasogeza fundo lifuatalo mbali, mbali zaidi, mpaka nikadhani amekosea. Kisha akalifunga huko, akalirudisha karibu na mwenzake. Kitanzi kikatuna, kikasimama juu ya petali zote, kirefu kuliko alichochora Bi Sihaba, kirefu kupita kiasi. Ungepita humo hata mkono wa mtu mzima. Nikaushika uzi wa kokwa kwa mkono wangu wa pili ili nivute pete ifunge, Zena akanishika kidole kunizuia.

Mkaguzi alikuwa anapita njiani. Sare ilikuwa ile ile, imempwaya; alikuwa mzee sasa, na alikuwa akitazama kila baraza kama mtu aliyesahau nyumba. Alipofika kwetu akasimama. Akaangalia ua, akaangalia kile kitanzi kirefu, mkasi ukimning'inia.

"Kimekwisha?" akauliza.

Zena ndiye aliyejibu. Hata kichwa hakuinua.

"Bado, baba. Kuna mtu hajafika."